Wimbo wa Stoo ya Unga

Kufika saa saba mchana Teresiah alikuwa ameshasugua masufuria kumi na manne, na simu aliyoificha ndani ya aproni ilikuwa imetetemeka mara tatu. Katika mkahawa ule wa Kiitaliano, Dubai, simu za wafanyakazi hukaa kabatini. Lakini leo mama yake alikuwa anazikwa Kangema, Murang'a, na kwao kaburi halifukiwi kimya. Wanawake huimba mpaka udongo uishe, na anayeanzisha ni binti wa kwanza. Binti wa kwanza ndiye huyu, mikono imo kwenye povu.

Ruhusa aliomba. Ofisini wakachungulia kompyuta: "Likizo yako ni Novemba." Pasipoti yake imo kwenye sefu yao. Kupiga simu kwa WhatsApp huku Dubai kumezuiwa, hupita ujumbe tu. Ikabaki arekodi sauti, kule waiweke kwenye spika ya kanisa. Asubuhi kwenye basi la kampuni alijaribu, akaishia kulia.

"Jeneza linateremshwa," aliandika tata Wangari, dada wa marehemu. "Tuma sasa."

Akajitoma stoo ya unga. Humo alikuwamo mzee Renzo, Mwitaliano mkandaji wa mikate, akiimba chini chini wimbo wake wa kila siku. Miaka thelathini hajaonja baridi ya milima ya kwao. Huko, alisema, aliyehama aliimba ili mdomo usisahau. Meneja alishamkanya: wageni wasikie nyimbo za spika tu, zile zilizolipiwa. Na hizo za spika nazo zilikuwa za Waitaliano waliohama, wakililia kwao. Wageni walizila pamoja na tambi.

"Mama?" Renzo akauliza.

"Mama."

Mzee akaufunga mlango, akarudi kwenye donge lake la unga.

Teresiah akabonyeza, akaanza. Mstari wa pili sauti ikamkatikia. Renzo, asiyejua hata neno moja la Kikuyu, akaingia kwa chini na sauti yake nzito, akamshikilia mpaka sauti ya Teresiah ikasimama tena. Wakaenda hivyo, wawili, hadi mlango ulipopigwa teke.

"Teresiah! Umeajiriwa kuimba wewe? Toka hapo, yalla, haraka! Vyombo vimejaa!"

Kidole kikateleza. Ujumbe ukaenda na kelele zake zote.

Harrison, supavaiza, alikuwa ameshatoa fomu ya onyo. Simu ikatetemeka. Teresiah akaufungulia ujumbe kwa sauti.

"Tumekusikia, mwanangu," alisema tata. Nyuma yake wanawake walikuwa wameupokea wimbo, na majembe yakifukia udongo. "Lakini ni nani huyo anakufokea juu ya kaburi la mama yako? Watu wote wanauliza."

Kalamu ya Harrison ikasimama. "Kaburi? Si ungeniambia?"

"Nilikuambia Jumatatu. Ukasema niandike email."

"Sasa... mwambie ilikuwa redio."

Teresiah akajifuta unga shavuni, akabonyeza.

"Tata, huyo ni Harrison, supavaiza wetu. Ni wa hapo hapo Kangema. Mama yake anauza mboga pale stejini kwa matatu, mnamjua."

Akaachia kidole, akarudi kwenye masufuria.