Mkono wa Gathogo

Ulimwona Gathogo akimwaga divai ya meza ya Bwana, ukageuza macho dirishani. Usikatae. Kanisa zima pale kijijini Ziwa mligeuza, kisha mkanong'ona nje: mzee analewa.

Hata mkewe, Wangeci, alimshuku. Miezi mitatu alinusa vikombe vyake, akapekua ghala la mahindi, akapapasa chini ya magunia. Chupa hakuiona. Akajiambia mume wake ni fundi wa kuficha.

Basi Wangeci akamleta kliniki mjini Eldoret. Wazee wa kanisa walimtuma Mungai, mmoja wao, awasindikize, akasikie mwenyewe. Barua walikwisha kuiandika: Jumapili Gathogo avuliwe uzee wa kanisa, na shahidi awe Wangeci, kwa sahihi yake.

"Daktari, mpime tu pombe," Mungai akasema. "Sisi tunajua."

"Kama mnajua, mmefuata nini hapa?" Daktari Ruwayda akamjibu. "Mzee, weka mikono mapajani. Ilegeze."

Mikono ikatulia kama paka aliyeshiba.

"Aah, leo amejikaza!" Mungai akacheka.

"Sasa inyooshe." Ikatetemeka yote miwili. Akampa vikombe viwili amimine maji kutoka kimoja hadi kingine. Maji yakaruka mezani.

"Ugonjwa wa Parkinson mara nyingi huanza upande mmoja, mkono ukiwa umepumzika. Mtetemeko wako unaamka mkono ukifanya kazi. Lakini mlevi aliyekosa pombe naye hutetemeka hivi. Ulianza lini?"

"Nikiwa kijana, kidogo tu. Sasa umezidi."

"Pombe?"

"Sijawahi kuonja."

"Tutapima damu, tuone kama ni tezi ya shingo. Nani mwingine kwenu alitetemeka?"

Wangeci ndiye aliyekumbuka. Siku ya mahari, mama mkwe wake, Nyakio, aliwamwagia wageni chai. Wangeci na dada zake wakacheka, wakambandika jina la Mama Busaa, kwa ile pombe ya kienyeji, nalo likamfuata mpaka kaburini.

"Mamake," akasema. "Na hakuwa anakunywa. Nilikaa naye miaka tisa."

"Basi huenda ni wa ukoo. Dawa ya kuupunguza ipo."

Mungai akasukuma barua mezani. "Mama, sahihi yako bado."

Wangeci akaichukua, akapangusia maji.

Jumapili kanisani watapiga kura kama avuliwe uzee. Wewe uliyeangalia dirisha, safari hii simama useme uliyoyasikia hapa. Na yule wa kwenu mnayemcheka mikono, usingoje Jumapili: mpeleke akapimwe leo. Inuka!