Natalia na Mlima wa Shuka-Usukume

Madereva wa malori ndio walioupa mwinuko ule jina la Shuka-Usukume, kwa sababu lori lililojaa mzigo halikuupanda mpaka abiria washuke walisukume. Ni mwinuko wa mwisho kabla ya kuingia Mahenge ukitokea Ifakara. Mwaka wa hamsini na sita, mpunga ulipokwisha kuvunwa, Fulgensi alitamba mbele ya wanakwaya wenzake kwamba ataupanda kwa baiskeli, mkewe Natalia akiwa nyuma kwenye keria, na hatatia mguu chini.

"Mimi niliulizwa?" Natalia alimwambia walipofika nyumbani.

"Si kwenu kule, Mama Konsolata? Harusi ya mdogo wako utaifikiaje?"

"Kwa lori, kama watu wengine."

Fulgensi akacheka, akaendelea kuutia mnyororo mafuta. Alikuwa mume mwema, ila akishatamka jambo mbele za watu hakujua kulirudisha mdomoni.

Basi wakamwacha mtoto wao Konsolata kwa bibi yake, wakatoka Ifakara alfajiri. Kwenye kivuko cha mto Kilombero walivushwa na mtumbwi, baiskeli imelazwa juu ya matenga ya samaki. Toka hapo mpaka Lupiro njia ni tambarare, na Fulgensi alikwenda kama mshale huku akiimba sauti ya pili ya nyimbo za Pasaka, ingawa Pasaka ilikwisha pita zamani. Natalia alikaa upande, furushi mapajani, akisikia kila jiwe kiunoni. Mwenyewe alijua kuendesha. Fulgensi ndiye aliyemfundisha, kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka, mahali ambapo ukianguka unaangukia mabua. Lakini barabarani hakuwahi kuthubutu. Mke wa mtu kupanda baiskeli ya kiume mbele za watu ni kujitafutia maneno ya mwezi mzima.

Walilala Lupiro kwa shangazi yake Fulgensi, na kesho yake wakaufikia mlima.

Fulgensi aliuvamia. Alisimama juu ya pedeli, akainama usukanini, akapanda moja kwa moja kama mtu anayevunja mlango. Kona ya kwanza ikapita. Kwenye ya pili paja likamkaza, akapiga yowe, na wote wawili wakaangukia mtaroni na furushi lao. Akajaribu tena, akaanguka tena. Safari hii hakuirudia baiskeli. Alikaa juu ya jiwe, mguu ameunyoosha, macho chini.

"Nitawaambia nini wanakwaya?" akasema.

Natalia alimkanda paja huku akiutazama mlima. Alikulia huku. Tangu akiwa mdogo alipanda hapa na mama yake, kuni kichwani, na hakuna mwanamke aliyepanda wima. Walikata barabara upande huu hadi upande ule, wakageuka, wakarudi, kila mara wakiwa juu kidogo. Mume wake alikuwa mtu wa bondeni, mlima aliuona kama tambarare iliyoinuliwa upande mmoja.

"Nipe baiskeli."

"Uifanye nini?"

"Niipandishe. Wewe chukua furushi."

Fulgensi akatazama barabara juu na chini. "Watu watatuona."

"Watuone."

Alipitisha kanga katikati ya miguu akaikaza kiunoni, kama anayeingia jarubani kupanda mpunga, kisha akarusha mguu juu ya chuma cha katikati. Baiskeli ikayumba. Akaielekeza ukingo wa kulia, akasukuma. Alipofika ukingoni akageuza, akaelekea kushoto. Pedeli zilikuwa nzito, lakini zilizunguka. Kulia tena. Kushoto tena. Jasho likamwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Kwenye kona walikutana na wanaume waliokuwa wakiteremka na mikungu ya ndizi.

"Jamani, njooni muone!" mmoja akapaza sauti. "Mama yuko juu ya chuma, baba kajitwika furushi!"

Wakaangua kicheko. Natalia alihisi uso unamwaka, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mumewe aliyekuwa akichechemea nyuma. Mguu ukalegea. Nusura auweke chini.

Ndipo aliposikia sauti ya Fulgensi, ile sauti nene ya kwaya, ikijaa mlima mzima: "Pisheni njia! Mke wangu anapita!"

Hakugeuka kumtazama. Aliuma meno, akasukuma, na nguvu ikaja kutoka mahali ambapo hakujua kwamba ana nguvu. Kipande cha mwisho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Gurudumu la mbele lilitaka kuinuka. Wanawake waliokuwa wakipumzika kando na mizigo ya mihogo waliacha maongezi, wakasimama, kisha mmoja akapiga kigelegele na wengine wakampokea. Natalia akapita katikati ya sauti zao. Ghafla pedeli zikawa nyepesi, upepo wa baridi ukampiga kifuani, na hapakuwa na mlima tena mbele yake.

Fulgensi alipomfikia alimkuta ameegemea baiskeli, anacheka na kulia pamoja. Chini yao bonde lote la Kilombero lilikuwa limelala, na moshi wa watu wanaochoma nyasi ulionekana mdogo kama wa kiko.

"Toka pale tulipoanguka," Natalia aliuliza akihema, "niliweka mguu chini?"

"Hata mara moja."

Walipokaribia nyumbani kwao Natalia alishuka, akamkabidhi usukani. "Endesha wewe. Tuingie kama ulivyowatambia wenzako." Fulgensi akaupokea.

Ua ulikuwa umejaa wageni wa harusi. Baba yake Natalia, mzee Raimundi, alipokwisha kuitika shikamoo zao aliitazama baiskeli.

"Mkwe, mlima umeupanda na chuma hiki?"

Natalia akatazama chini. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba lolote mumewe atakalosema, atanyamaza.

"Ulinishinda, baba," Fulgensi akasema. "Aliyeupanda ni huyu binti yako. Mimi nilibeba furushi."

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa mkwe. Mzee Raimundi hakucheka. Aliiona kanga ya mwanawe, grisi ya mnyororo imeichafua mpaka magotini.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Kweli, baba."

Mzee akavua kofia yake. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Digna, bibi harusi mwenyewe, kutoka mlangoni na nywele zimesukwa nusu: "Basi kesho sipandi gari la mtu. Dada atanipeleka kanisani."

Mama yao alipinga mpaka sauti ikamkauka. Na kesho yake Mahenge nzima ilitoka barabarani kumwona Digna kwenye keria, shela ameikusanya kifuani isinase kwenye gurudumu, kamkumbatia dada yake kiunoni. Mzee Raimundi alikimbia kando yao na suti yake ya Jumapili, akiwapungia mkono watu wa kila nyumba kana kwamba anaendesha yeye. Natalia alisukuma mgongo wima, akipiga kengele hata pale ambapo njia ilikuwa nyeupe.