Kiuno, Bega na Presha

Mama yangu ni fundi cherehani, na ubishi wake hakuna tepe ya kuupima. Tulipomletea kipimo cha presha, kile cha mkanda wa kufunga mkononi kinachotuma majibu chenyewe kwa simu, alikigeuza huku na huku akauliza ni nani aliyeshona mkanda mbaya kiasi kile. Nesi wa kliniki ya wazee alimwelekeza kwa upole: "Mama, hiki ni chako. Jina lako limo humu ndani. Kila asubuhi ukijipima, mimi naona kwangu na mwanao anaona kwake." Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaamini ameelewa.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Baadaye simu yangu ikaanza kunitoa roho. Nafanya kazi mapokezi kwenye kiwanda cha uchapaji, nikawa napokea wateja wa kadi za harusi huku jicho moja liko kwenye simu. Asubuhi presha ya Mama nzuri. Kabla ya chai ya saa nne imepaa. Mchana imeshuka, utadhani ya msichana wa shule. Alasiri imepaa tena, mpaka kwenye kadi ya bwana harusi mmoja nikaandika jina la mama mkwe mahali pa bibi harusi. Usingizi ukanikimbia kabisa. Nikimpigia Mama kumuuliza hali, jibu lilikuwa lile lile.

"Buheri wa afya. Niache, nina mkasi mkononi."

Nesi naye akaingiwa na wasiwasi. Akaniambia mwenye presha ya kupanda na kushuka namna ile si mtu wa kuachwa aishi peke yake. Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Kwangu ni ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na jirani wa chini anagonga dari mtu akiangusha kijiko. Cherehani isingeingia. Nilipomwambia Mama kwamba Jumamosi nakuja kumchukua, nilisikia mkasi wake ukiacha kukata. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, ukinitoa kwenye cherehani yangu, hutahitaji kunipima tena." Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwa wateja.

Jumamosi nikakodi pikapu na dereva wake. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumbembeleza. Nilipofungua mlango wa sebule yake, ambayo ndiyo karakana yake, maneno yote yakanitoka kichwani.

Wateja walikuwa wamejipanga kwenye benchi, wazee watupu, kila mmoja amekunja mkono wa kushoto wa nguo yake. Mama alikuwa na tepe shingoni na pini mdomoni. Alimpima mwalimu mmoja mstaafu kiuno, akampima bega, kisha akamfunga ule mkanda na kubonyeza kitufe. Simu yangu ikalia mfukoni. Ujumbe ulisema presha ya mama yangu ni nzuri sana.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napima watu. Ulidhani hapa ni saluni?"

"Hicho kipimo ni chako!"

"Changu, ndiyo. Ndiyo maana nawapimia bure."

"Kinatuma kila kitu! Kila mkono unaoufunga, nesi anadhani ni wako!"

Mama akatoa pini mdomoni. "Si mlisema jina langu limo humo ndani? Nikajua kinanijua. Mimi nikishika suruali najua ni ya nani, na wala mimi si mashine."

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi hasira zilinipanda mpaka mikono ikatetemeka. Usingizi wangu wote ule, machozi yale ya chooni, kumbe nalilia presha za watu baki! Nikampigia nesi simu ya video ajionee mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha ghafla.

"Dada, sasa ile iliyokuwa ikipaa ni ya nani?"

Wazee wakaanza kutazamana. "Ile ya kabla ya chai," nikasema. "Na ya alasiri."

Mama akageuka polepole. Mtu wa kuja mara mbili kwa siku alikuwa mmoja tu, jirani yake aliyeketi mwisho wa benchi, dereva mstaafu wa malori. Tunamwita Breki kwa sababu hachoki kujisifu kwamba breki hazijawahi kumwangusha. Alikuwa akishonewa suruali isiyokwisha, maana kila siku alipata sababu mpya ya kuja kuijaribu.

"Mimi? Mimi chuma," Breki akasema. "Kichwa tu ndicho kinagonga kidogo, na hiyo ni miwani mibovu."

Nesi akataka atulie kitini, mgongo umeegemea, asiongee, kisha apimwe upya. Kutoongea ndiko kulikomtesa. Namba ilipotokea, nesi hakumung'unya maneno: aletwe kliniki sasa hivi. Pikapu si ilikuwa nje? Breki akapandishwa mbele, mwalimu akaandamana naye, na hata hawajaondoka, Breki tayari anamfundisha dereva wa pikapu kubadili gia. Mama alisimama mlangoni na ile suruali mkononi, hajui aombe dua au atukane.

Wazee wengine walipoaga, tukabaki sisi na nesi kwenye simu, nikamuuliza Mama, "Na yako ni ipi kati ya hizo zote?"

"Ya asubuhi." Akatazama pembeni. "Si kila siku. Siku nyingine niliogopa kujipima. Ikija mbaya, mnihamishe."

Maneno hayo yaliniuma. Nikamketisha, nikamfunga mkanda mwenyewe, tukasubiri. Namba ikatokea: imezidi kidogo tu. Nesi akasema aendelee na dawa, apunguze chumvi, na kipimo kiwe cha mkono wake peke yake. Hao wengine atawasajili, kila mtu kwa jina lake.

"Na kuhama?" Mama akauliza.

"Kuhama kwa lipi, Mama?"

Mama akapiga kigelegele kilichotikisa dirisha. Kisha akanikazia macho. "Sasa keti wewe. Umeingia hapa unafoka, mikono inatetemeka. Keti."

Nikaketi. Nani ambishie? Tulingoja nitulie, akanifunga, akabonyeza. Nesi akaitazama namba, akaomba tupime tena, akakohoa.

"Dada, hii si nzuri hata kidogo. Njoo kliniki Jumatatu. Na unahitaji pa kupumzika, na mtu wa kukuangalia."

Saa nzima baadaye nilikuwa bado najitetea pikapu iliporudi na habari. Breki amepewa dawa, namba imeanza kushuka, wamemlaza wamwangalie, manesi wote ameshawachosha kwa hadithi, na anauliza kama suruali imekwisha. Mama akacheka, akafuta macho kwa mguu wa suruali hiyo hiyo, akaketi kwenye cherehani kuimalizia.

Dereva akachungulia mlangoni. "Haya, wa kuhamishwa ni nani? Mimi niko tayari."

Mama hakuinua hata macho. Akaendelea kushona, na kwa mkono mmoja akaninyooshea kidole.