Kidole Gumba Ndani ya Ngumi

Kazini walimwita Darubini, na jina hilo lilimvimbisha kichwa kuliko mshahara. Kazi yake pale kwenye jumba la makumbusho ilikuwa kusoma picha za kale: mpe sura ya mtu aliyekwisha kusahaulika, naye atakwambia huyo mtu alikula nini asubuhi. Nusu ya hayo alikuwa anabahatisha, lakini alibahatisha kwa sauti nzito, na watu wanapenda sauti nzito.

Safari hii alikabidhiwa sanduku lililokutwa kwenye studio iliyofungwa zamani. Ndani mlikuwa na picha za wavulana waliobebeshwa bunduki katika vita ambavyo wazee hawapendi kuvitaja. Hakuna aliyewajua. Chini ya kila picha alibandika maneno yaleyale: Mvulana asiyejulikana.

Siku ya kufungua maonyesho alimleta baba yake, fundi cherehani mstaafu, akamketisha mstari wa mbele. Alitaka, walau mara moja, mzee aone kwamba mwanawe ni mtu wa maana. Mzee alijaribu kukwepa, mara mgongo, mara shati halijapigwa pasi, lakini mwana alimng'ang'ania mpaka akakubali kwa shingo upande.

Darubini alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alisoma uso. Kisha aliufunika kwa kipande cha karatasi nyeusi, akasoma mikono peke yake, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, uso hujipanga mbele ya kamera ila mikono husahau.

Akafika kwenye picha ya mwisho, ya kijana mwembamba aliyekaza taya. Ukumbi wote ulikuwa mkononi mwake, naye akanogewa.

"Wengine hawa walilazimishwa," alisema. "Huyu hapana. Yatazameni macho haya. Huyu aliipenda bunduki. Mimi ningekutana naye njiani, ningevuka upande wa pili."

Watu wakacheka. Naye akacheka nao, akaufunika uso.

Mkono wa kulia ulishika bunduki. Wa kushoto ulikuwa umefumbwa, kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi, kama afanyavyo mtoto mchanga. Darubini alifungua kinywa aeleze, kisha akaisogelea picha. Ngumi ile aliijua. Aliiona hospitalini, aliiona siku mama alipozikwa, na utotoni aliwahi kuicheka mpaka mama akamkaripia. Akageukia mstari wa mbele. Mzee alikuwa anatazama sakafu, na mkono wake wa kushoto, juu ya goti, ulikuwa umefumbwa vilevile.

Nafasi ya kuyafuta maneno yale mbele ya wote walioyasikia ilikuwepo, wala haikuwa ndogo. Hakuitumia. Aliwashukuru watu kwa kufika, akasema vinywaji viko karibu na mlango. Hodari wa kusoma nyuso za watu, na uso aliokula nao meza moja tangu kuzaliwa ulimpita hivihivi.

Watu walipopungua alimkuta mzee amesimama mbele ya picha.

"Baba, nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje? Sikukwambia. Lakini bunduki sikuipenda. Nilipenda viatu. Ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuvaa maishani."

Darubini akatazama. Picha ilikatwa magotini, viatu havikuonekana. Akauliza, kwa sauti iliyokwisha uzito wote, kama aandike jina.

"Paache palivyo," alisema mzee. "Mwanangu mwenyewe ameniogopa. Wengine watanitazamaje?"

Walipotoka nje, mzee alisita kando ya barabara, kisha akavuka, akaanza kutembea peke yake upande ule wa pili, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake. Darubini alisimama, akaona haya hata kumwita. Halafu akavuka mbio, akaenda kutembea sambamba naye. Mzee hakumgeukia. Alimshika tu kiwiko, akamhamishia upande wa ndani, yeye akabaki upande wa magari, kama alivyofanya zamani alipokuwa akimpeleka shule. Hapo ndipo aibu ilipomshika Darubini sawasawa, akalia njia nzima.