Rangi ya Bluu Juu ya Waya Uliokufa

Mlipita pale. Msiniambie hamkupita. Kila siku mlipita mbele ya nyumba ya Mwenyekiti, kwenye barabara ile inayotazama bahari, mkamwona mama yake mzazi ameketi kizingitini mwa gereji. Mkamwamkia, akawaitikia, mkaenda zenu. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho shibiri tatu juu ya kilemba chake akatazama kilichoning'inia hapo. Kuona mliona. Mliamua tu kugeuza shingo.

Aliyetazama ni Bi Kutu, fundi wa milango ya gereji. Jina hilo mlimbandika ninyi, kwa sababu kila mkikutana naye anazungumzia kutu, hata msibani. Hakwenda chuo. Kazi alijifunza kwa kufungua milango iliyokufa na kuuliza imekufa na nini. Alhamisi ile asubuhi aliitwa na Mwenyekiti wa kamati ya mtaa kwa kazi ndogo: mlango unalia ukipanda, utiwe grisi unyamaze, maana Jumamosi wanakuja wakaguzi wa kushindanisha mitaa safi.

"Shikamoo, mama," Bi Kutu alimwamkia mama yake Mwenyekiti.

"Marahaba, fundi. Usinifukuze kwenye upepo wangu, nakwambia mapema."

Mama alikuwa anashona vifungo vya shati. Mlango ulikuwa umeachwa nusu, kama ilivyo siku zote: ukifunguliwa wote jua linamwingia machoni, ukifungwa anakosa hewa. Kwa hiyo bamba la chuma la zaidi ya kilo mia lilikuwa limesimama hewani juu ya kichwa cha bibi kizee, limeshikwa na nyaya mbili, mmoja kila upande, na springi moja kule juu. Vyote vya bluu. Vinameremeta.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa mtaa ule. Kila mwaka kabla ya ukaguzi, kamati huleta mpakaji rangi mmoja na pampu yake, naye hupuliza nyumba zote kumi na tisa kwa mkupuo mmoja: bamba, reli, magurudumu, springi, nyaya. Chumvi ya bahari imeshalala ndani ya waya. Rangi inakuja kuifunika shuka. Kutu inakula taratibu, haina haraka, na nje watu wanasifu.

Bi Kutu alitoa kisu, akakwangua waya wa kulia pale chini unapofungwa kwenye bamba. Rangi ilibanduka kama ganda la yai. Ndani mlikuwa na unga mwekundu. Waya ule umesokotwa kwa nyuzi nyingi. Zilizobaki nzima alizihesabu kwa ncha ya kisu. Nne.

"Mwenyekiti, mlango huu hautiwi grisi. Unashushwa leo, unatolewa."

"Fundi, nimekuita unyamazishe mlango, wewe unaniongezea kelele. Ngoja Jumapili. Jumamosi nitawaonyesha wakaguzi nini, shimo?"

"Waya nao umekubali kungoja Jumapili?"

"Umekaa miaka sita huo."

"Kila maiti alikuwa mzima juzi."

Mama alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Mwenyekiti hakucheka.

Bi Kutu hasahau, na hilo ndilo linalowaudhi. Miaka minne nyuma, nyumba ya tatu kutoka hapo, mlango kama huo ulimshukia nesi mkononi alipoinama kuokota funguo. Mkono ule haujashika sindano ya hospitali tena. Mtaa mzima ulikwenda kumpa pole. Kamati nayo ilikutana, ikamwandikia barua nzuri, kisha ikapitisha azimio: rangi ya kijani imechakaa, sasa tupake bluu. Barua aliiandika Mwenyekiti kwa mkono wake.

"Haya," Bi Kutu alisema, akafuta kisu kwenye suruali. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Mama, naomba uniazime kiti kidogo. Mwenyekiti, kaa hapo. Mimi nakunywa glasi moja ya maji, nikimaliza natia grisi, naondoka."

"Nikae nifanye nini?"

"Upunge upepo. Si umesema mlango mzima?"

Mama alikuwa ameshainuka na kikapu chake cha nyuzi. "Kaa, mwanangu. Mimi nimekaa miaka sita, wewe utashindwa glasi moja?"

Mwenyekiti alisogea. Akakunja magoti. Alipofika nusu ya kukaa macho yalipanda yenyewe, yakaukuta ule waya uliokwanguliwa, na magoti yakagoma hapo hapo. Akasimama, akajipangusa suruali isiyokuwa na vumbi.

"Jua kali hapa," alisema.

"Kumbe," mama yake alijibu. "Na mimi siku zote nimekaa juani, hukuniambia."

Hakumpandishia sauti. Alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtoto aliyefika nyumbani na kiatu kimoja. Mwenyekiti alivua saa yake, akaitia mfukoni.

"Fundi, nishike wapi?"

"Usishike popote. Kaa kule na mama."

Bi Kutu alisimamisha boriti mbili chini ya bamba, moja kila upande, zikiwa fupi kidogo kuliko nafasi yenyewe. Kisha akiwa pembeni, akagonga bamba kwa nyundo, kofi moja tu, kama mtu anayebisha hodi. Waya wa kulia ulikatika. Bamba likashuka shibiri moja, likakalia boriti kwa kishindo kilichowatoa majirani ndani. Walitoka, wakatazama, wakasema pole. Pole hiyo mnaijua, ni ile ile.

Mpaka alasiri mlango ulikuwa umelala uani. Bi Kutu aliagiza wa alumini, mwepesi, wenye springi na nyaya za chuma kisichoshika kutu. Masharti yake aliyatamka mara mbili ili yasikike mpaka ng'ambo: vioshwe kwa maji ya bomba kila mwezi, vipakwe grisi, na pampu ya rangi isivikaribie.

Jioni Mwenyekiti aliazima kile kisu, akapita nyumba kumi na nane zilizobaki, akiomba kukwangua. Watatu walimruhusu. Kumi na tano walimwambia baada ya ukaguzi. Mmoja alimuuliza, "Si wewe uliyetuambia tupake?" Akaenda nyumba ya pili yake.

Jumamosi wakaguzi walikuja, wakasifu bluu, wakaandika shimo la Mwenyekiti, mtaa ukawa wa pili. Mama alikuwa ameketi pale pale, juu yake dari tupu, akimalizia vifungo. Tangu siku hiyo mnasema Mwenyekiti amewaaibisha.

Nyumba kumi na tano bado hazijakwanguliwa, na wewe unayesoma hapa unaishi katika mojawapo, au yako ni ndugu yake kwenye pwani nyingine. Simama sasa. Mtoe yeyote aliye chini ya mlango wako, awe mama, mtoto au paka. Usiunyooshee mkono, usipande ngazi ukajifanya fundi. Springi iliyokazwa ina hasira kuliko mimi. Mwite anayeijua kazi, mwambie akwangue rangi mbele ya macho yako. Mwite leo, kabla hujamaliza kukunja karatasi hii.