Chupa ya Bibi Zoila

Du. Du-du. Du. Macho bado yamefumbwa, Yandri alidhani ni moyo wake. Kisha akadhani ni mashabiki wa Ubelgiji wakipiga viti kwa viganja. Mlio ulipanda na kushuka, kana kwamba unavuka mto kumfuata, hadi alipoutambua: ngoma ya bomba, dansi ya kwao, ngozi ya mbuzi, mikono ya mjomba wake Eudoro. Alikuwa kwao, bonde la Chota, barazani, usingizi wa mchana haujamwachia.

Bonde hili huzaa miwa, mbaazi na wachezaji mpira. Anayebisha na abishe. Yandri aliondoka hapa akiwa kijana mdogo. Ubelgiji ilimpa baridi, Uholanzi ikampa jina, Italia ikampa mkataba mnono. Huko kote walisema haangushiki: beki anampiga bega, naye anayumba kama muwa kwenye upepo, kisha anasimama, mpira uko mguuni.

Mwaka jana goti la kushoto likachanika. Madaktari wakalishona, likapona. Lakini tangu hapo, beki akimkaribia tu, Yandri aliuachia mpira na kuruka pembeni kama paka aliyeona maji. Klabu ikampa likizo fupi: akirudi awe yule wa zamani, ama waachane. Ndege yake ilikuwa kesho.

"We bwana mkubwa wa Ulaya," binamu yake Maritza alisimama juu yake na bakuli la mbaazi, "unalala mchana kama mzazi wa juzi? Bibi anakuita ukacheze."

"Mwambie goti."

"Goti limeshonwa. Au kuna kingine kilichochanika?"

Akainuka kwa hasira ya kuchokozwa.

Uani watu walikuwa wamesimama duara. Bibi Zoila, aliyemlea, alikuwa katikati, miguu mitupu, sketi pana, chupa ya pombe ya miwa imesimama kichwani. Kwenye bomba mwanamke humwinda mwanamume kwa nyonga. Akimwangusha, bwana huyo atachekwa hadi sikukuu nyingine. Ulaya hawakujua kwamba Yandri alijifunzia kuyumba hapa.

"Njoo, mume wangu," Bibi alisema. "Wamekulisha nini huko hata unamwogopa kikongwe?"

"Bibi, nina safari."

"Hata mimi ninayo, ya kaburini. Mbona nacheza?"

Akaingia. Vumbi likapanda kama ukungu, vilima vikawa majukwaa, na watu wakawa mbali, sura zao zimeyeyuka. Nyonga ilipomjia aliruka. Ikaja tena, akaruka tena.

"Unakimbia kabla hujaguswa," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Hayo sikukufundisha mimi."

Yandri akafumba macho. Akangoja. Nyonga ikaja kama mlango uliosukumwa na upepo; goti la kushoto likakunjika, akaanguka chini mzimamzima.

Ua wote ukacheka. Yeye akalala palepale vumbini, akiyasubiri maumivu aliyoyakimbia mwaka mzima. Vumbi lilikuwa na joto. Maumivu hayakuja. Kilichokuja ni kicheko cha Maritza, na ngoma, ambayo haikuwa imesimama hata kidogo. Juu yake chupa iling'aa kwa jua, haijamwaga tone.

"Limeuma?"

"Halijauma, Bibi."

"Inuka basi. Wimbo haujaisha."

Akainuka. Nyonga ikamjia tena, nzito kuliko ya kwanza. Safari hii aliipokea, akayumba, akayumba, akasimama. Mjomba Eudoro akaipiga ngoma kwa kiwiko kumpongeza.

Bibi akamkazia macho, shingo haitikisiki. "Huko unakorudi watakuangusha tena."

"Wataniangusha," Yandri alisema, kwa sauti iliyofika hadi nje ya ua. "Lakini sitaruka tena kabla ya kuguswa. Nakuahidi, Bibi: nitaanguka mbele ya macho yao wote, na nitainuka wimbo haujaisha."