Gari la Kishindo la Zebedayo

Kaanaeli hakuwahi kulipenda gari lile. Mumewe, Zebedayo, alilitwaa kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa anafunga virago, bendera ya Malkia ingali inapepea bomani Same. Lilikuwa la Kimarekani, zee, halina klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe. Ila kila alipoweka gia ili liondoke, lilipiga teke, abiria wakagongana vichwa. "Nguvu hizo!" alijigamba. Nguvu! Hata punda ana adabu kuliko lile.

Hamisi, fundi wa Same, alishamweleza kwamba injini ilivuma mno hata gari likiwa limesimama. "Punguza mvumo, kanyaga breki, weka gia, ngoja ishike, ndipo uondoke." Zebedayo akakataa. Watu wa Vudee, kijiji chao cha mlimani, wangejuaje kwamba amefika kanisani? Bwege yule alikuwa radhi gari limfie kuliko lisisikike. Na msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kutengeneza barabara, aliikacha tangu aliposhika usukani. Wenzake wachimbe, yeye apite.

Siku binti yao Priska, aliyerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, aliposhikwa na uchungu, mkunga alipapasa tumbo akatikisa kichwa. Mtoto amekaa vibaya. Hospitali Same, upesi. Kaanaeli akakaa nyuma, akampakata mwanawe kichwa.

"Baba Priska, leo punguza mvumo. Nakuomba."

"Mbele ya wale?" Wanaume wa msaragambo walikuwa kwenye kona, majembe mikononi.

Akaweka gia. Teke! Priska akapiga yowe. Gari likajikongoja hadi kwenye kona, likazimika. Akaliwasha, akakanyaga mafuta, akaweka gia tena. Chuma kikakatika ndani kwa kishindo. Injini ikanguruma, magurudumu hayakusogea. Mpumbavu akazidi kukanyaga, utadhani gari ni kiziwi.

Eliakunda, kiongozi wa msaragambo, alipiga pembe, wanaume wakakata miti, wakafunga blanketi, machela ikapatikana. Kaanaeli aliona aibu hata kuwatazama usoni.

Zebedayo akajitutumua, akadaka mti wa mbele, akauinua kwa pupa kabla wenzake hawajajiandaa. Machela ikaruka. Priska akalia.

"Weka chini!" Kaanaeli alisema. Alikuwa amemchoka kabisa. "Hata mabega yako yanapiga teke? Rudi kwenye gari lako."

Akarudi, mbele ya watu wote. Wanaume wakainua pamoja, wakangoja miti itulie mabegani, ndipo wakaondoka taratibu.

Mtoto alizaliwa Same, mzima, na mama yake mzima. Eliakunda alipoaga apande mlimani, Kaanaeli alimtuma kwa mumewe.

"Mwambie ana mjukuu. Na umpe jembe. Gari lake limeziba barabara. Achimbe pembeni, tupate pa kupita na mtoto."